Ukosi Mweupe Mwishoni mwa Mkanda

Noreen Sagar alifika kwenye karakana ya Terence Mawdsley mjini Rochdale mapema kuliko walivyokubaliana, akazima injini, kisha akabaki ndani ya gari mikono ikiwa bado imeshika usukani. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha. Siku hii alikuwa ameitafuta tangu enzi zile alipokuwa mpishi kijana katika jiko la shule, na sasa imefika, alitamani Terence apige simu amwambie kwamba mashine imeharibika.

Simu haikulia. Mlango wa karakana ndio uliofunguka, na Terence akatoa kichwa. Ni mtu mrefu, mwembamba, koti lake la kazi la buluu limejaa kalamu na bisibisi mfukoni.

"Bi Noreen, unaingia, au nikuletee chai hukohuko?"

"Nakuja. Nilikuwa natafuta miwani yangu."

Miwani ilikuwa usoni mwake. Terence aliiona, akamshikilia mlango.

Kuna watu huko kaskazini mwa Uingereza ambao hutumia siku zao za mapumziko kutafuta vipindi vya televisheni ambavyo havipo tena. Wengi ni wanaume, wengi wamestaafu, na hukutana katika chumba cha juu cha baa moja mjini Bury kuulizana nani amesikia nini. Wanachotafuta zaidi ni vipindi vya muziki wa vijana vya miaka ya sitini. Enzi hizo mkanda wa kurekodia picha ulikuwa ghali, na nyimbo za vijana zilionekana kuwa na thamani ya gazeti la jana. Kipindi kilirekodiwa, kikaonyeshwa, kisha mkanda ukarudishwa kwenye mashine na kurekodiwa kitu kingine juu yake. Hakuna aliyeona kuwa ni kosa. Waliofanya hivyo walikuwa wanafanya kazi yao.

Kipindi alichokitafuta Noreen kiliitwa Sakafu ya Ijumaa. Kilitengenezwa na kituo kimoja cha Manchester ambacho jengo lake leo limegeuzwa nyumba za kupangisha. Kilirushwa moja kwa moja kwa watu wa kaskazini kila Ijumaa jioni, na papo hapo kikarekodiwa ili mikoa mingine ikione Jumamosi. Ikifika Jumatatu mkanda ulikuwa tayari kupokea mambo mengine. Kwa hiyo cha Sakafu ya Ijumaa kilichosalia ni picha chache za magazetini na sauti ya kipindi kimoja tu, ambayo kijana wa Oldham aliinasa kwa kuweka kinasa sauti mbele ya televisheni ya nyumbani kwao. Katikati ya wimbo wa pili anasikika mama yake akimwita aje ale.

Wenzake Noreen walitafuta waimbaji. Yeye alimtafuta msichana mmoja kati ya wale waliokuja kucheza, nao hawakuisha kumtania kwa hilo.

"Sisi tunatafuta nyota," Royston Peel, tarishi mstaafu na mwenyekiti wa kikundi, aliwahi kumwambia, "wewe unatafuta mpiga makofi."

"Nyota wako walilipwa," Noreen alimjibu. "Wangu alilipa nauli."

Msichana huyo alikuwa dada yake, Avril.

Avril alikuwa na miaka kumi na saba, fundi wa kushona slipa za manyoya katika kiwanda cha Waterfoot, kwenye lile bonde la Rossendale ambako wakati huo ilikuwa vigumu kupata nyumba isiyokuwa na mtu wa slipa. Novemba ya mwaka 1965 chama cha burudani cha kiwanda kilipata tiketi za kwenda kucheza kwenye Sakafu ya Ijumaa, kikakodi basi la kuwapeleka na kuwarudisha. Avril alitoka kazini mbio, akaoga, akavaa gauni la zambarau alilolishona mwenyewe, lenye ukosi mweupe mpana. Mama yao, Winifred, alimsimamisha mlangoni. Aliona ukosi umekunjamana upande mmoja. Alimwambia avue gauni, akamwekea pasi jikoni, akasema binti yake hataonekana na nchi nzima akiwa amejifunga kitambaa cha kufutia meza shingoni. Avril akapiga pasi. Mama akautazama ukosi, akamrudishia. Avril akapiga tena.

Noreen alikuwa na miaka kumi na mmoja na alilala sebuleni chini ya blanketi, mashavu yamevimba kwa matubwitubwi. Avril alipita akikimbia, akainama juu yake.

"Ukiniona nimeshika sikio, ujue nakucheka wewe na huo uso wako kama boga."

"Sitaangalia."

"Utaangalia."

Avril alipofika kiwandani basi lilikuwa limeondoka. Jirani mmoja alimwona akipanda basi la abiria la kwenda Rawtenstall. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema lolote, isipokuwa Noreen, ambaye jioni ile, baba yuko zamu na mama yuko jikoni, aliona kwenye televisheni dada yake akicheza, akaona mkono wake ukipanda hadi sikioni.

Asubuhi iliyofuata gari dogo lilikutwa limepinduka kwenye barabara inayopita nyikani kutoka Rochdale hadi Edenfield. Ndani mlikuwa na muuza mazulia wa makamo, mwenye mke na watoto Accrington, na Avril. Wote wawili walikuwa wamekufa. Uchunguzi ulitaja ukungu. Watu wa bondeni walitaja mambo mengine. Wasichana wa kiwandani walisema Avril hakuwa nao kwenye basi, wala hawakumwona ukumbini, na hakuna aliyewauliza walikuwa wamepangwa upande gani wa ukumbi. Basi ikaonekana wazi: msichana hakwenda Manchester kabisa. Jioni nzima alikuwa na mwanamume wa watu, na ukosi wake, na uongo wake.

Noreen alimweleza mama yake alichokiona.

"Una homa," mama alisema.

"Nilimwona, Mama. Alishika sikio."

"Hakwenda. Alitudanganya, na habari yake imeishia hapo."

Picha ya Avril ikatolewa ukutani. Baba alikufa bila kulitaja jina lake tena, na mama, ambaye sasa alikuwa amevuka miaka tisini na anaishi katika nyumba ya wazee pale Rawtenstall, naye hakuwahi kulitaja.

Mtu akikataliwa kitu alichokiona kwa macho yake, mwanzoni hukasirika. Baadaye huanza kuyachunguza macho yenyewe. Katika kumbukumbu ya Noreen, dada yake alicheza mbele ya kamera akiwa katika gauni la zambarau. Lakini televisheni yao haikuwa na rangi. Hilo lilimjia siku moja akiwa anamenya viazi vya chakula cha watoto mia tatu, akasimama na kisu mkononi mpaka mwenzake akamuuliza kama amejikata. Kama rangi aliitia mwenyewe, alitia nini kingine? Na kama Avril hakuwa pale, basi mama alikuwa sahihi, watu walikuwa sahihi, na yeye maisha yake yote alikuwa amemtetea mwongo kwa ushahidi wa homa.

Ndiyo maana hakutaka kutoka ndani ya gari.

Karakana ya Terence ilinuka vumbi la moto na chai iliyokaa. Royston alikuwa amewahi kufika, ameshakalia kiti pekee kizuri, na kwenye goti lake palikuwa na kipande cha pai ya nyama na viazi kilichofungwa karatasi.

"Mpishi amefika," alisema. "Sasa tutajua kama mkanda umeiva."

Utani ule ulikuwa na ukweli ndani yake. Mikanda iliyozeeka hulegea gundi, na kabla ya kuchezwa hukaushwa kwa joto la chini sana. Terence aliukausha huu katika kabati la umeme ambalo mkewe alilinunua kwa ajili ya kukaushia matufaha.

Mkanda wenyewe ulikuwa na upana wa karibu vidole vitatu, umezungushwa kwenye gurudumu zito kama jiwe la kusagia. Royston aliupata kwenye kabati la klabu ya bendi ya matarumbeta huko Whitworth, nyuma ya vikombe vya ushindi. Mwaka wa 1967 bendi hiyo ilishinda mashindano, kituo kikawaonyesha, na baadaye bwana mmoja wa kituo akawapa mkanda kama zawadi. Hawakuwahi kuutazama. Hakuna nyumba ya mtu iliyokuwa na mashine ya kuuchezesha. Waliufuta vumbi kila mwaka pamoja na vikombe.

Kwenye boksi palikuwa na karatasi yenye jina la mashindano. Terence alipoinyevua na kuibandua, chini yake aliona karatasi nyingine, ya zamani zaidi, iliyoandikwa kwa kalamu nene: Sakafu ya Ijumaa. Na mwezi wa Novemba.

"Nisikupe tumaini la bure, mama," Terence alimwambia sasa, akiwa anaweka gurudumu mahali pake. Alikuwa na sauti ya daktari anayejua kazi yake na haipendi siku hiyo. "Maboksi yalichanganywa ovyo. Inawezekana boksi ni la Novemba na mkanda ni wa Juni. Inawezekana mkanda ulifutwa wote. Ila mashindano ya bendi yalikuwa ya nusu saa, na Sakafu ilikuwa ndefu kuliko hapo. Kama waliirekodi bendi juu yake, mkia wa Sakafu unaweza kuwa bado upo."

"Mkia wa urefu gani?"

"Wimbo wa mwisho. Labda na ule uliotangulia."

Wimbo wa mwisho ndio alioukumbuka Noreen. Alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Na kama ukikatika?"

"Haukatiki. Unapukutika." Terence alimwonyesha ncha ya kidole chake, palikuwa na unga wa kahawia kama kakao. "Huu unga ndio picha. Kila unapopita kwenye vichwa vya mashine unaacha kidogo. Huu umeshachoka, utapita mara moja. Kompyuta itanasa kinachotoka. Kisichotoka leo hakitatoka."

"Na vichwa vyenyewe?" Royston aliuliza, mdomo umejaa pai.

"Usinikumbushe vichwa."

Vichwa hivyo vya kusomea ndivyo vinavyowanyima usingizi watu wa kazi hii. Havitengenezwi tena nchini. Vikiisha hupelekwa Marekani kwa fundi mmoja mzee, na kila mtu anaomba fundi huyo asiugue. Kwa sababu hiyo wana desturi moja ambayo hawaivunji: kipindi kikiisha na kibao cha mwisho, chenye maandishi ya kufungia kipindi, kikitokea, mashine inazimwa papo hapo. Hakuna anayeacha vichwa vilike kwa ajili ya mkanda mtupu. Ni mikanda mingapi ilizimwa hivyo kwa miaka mingi, ikarudishwa kwenye boksi au kutupwa, na nyuma ya kibao palikuwa na kitu kinasubiri, hilo ni swali ambalo mezani kwa Royston halikuulizwa sana.

Mashine ilikuwa na ukubwa wa kabati mbili za nguo. Terence alipoiwasha ilianza kulia taratibu, sauti ikapanda hadi ikawa kama jino linalotobolewa. Skrini ikajaa mistari, ikatikisika, ikatulia. Wanaume wenye mashavu yaliyojaa hewa wakaonekana wakipuliza matarumbeta.

Kwa nusu saa wakaangalia bendi. Noreen alikuwa amewahi kukaa hospitalini nje ya chumba ambamo baba yake alikuwa akifa, na hata huko muda haukuburuta miguu kama hapa. Kila mistari ilipopita kwenye skrini alidhani ndio mwisho. Kila Terence alipoinama kuangalia mkanda alimwangalia mgongo. Chini ya mashine, kwenye karatasi nyeupe aliyoitandika, unga wa kahawia ulikuwa unaongezeka.

"Huyu wa katikati amepoteza pumzi," Royston alisema.

Bendi ikamaliza. Watu wakapiga makofi. Kibao cha mwisho kikatokea, maandishi meupe kwenye weusi, na mkono wa Terence ukaenda kwenye kitufe ukazima mashine.

Sauti ilishuka, ikafa. Wote watatu wakatazama mkono ule. Terence mwenyewe aliutazama kama wa mtu mwingine.

"Terence," Royston alisema taratibu. "Bwana wewe."

"Najua."

"Umezima."

"Nimesema najua, Royston. Miaka thelathini nazima kwenye kibao. Mkono umekwenda wenyewe."

Terence alikuwa tayari amepiga magoti mbele ya mashine, taa ndogo mdomoni. Mkanda uliposimama ulikuwa umegandia pale ulipopinda kuzunguka vichwa vya moto, kama ngozi ya maziwa kwenye sufuria. Alichukua kijiti cha pamba, akakilowesha dawa, akaanza kuubandua polepole sana. Ulitoa sauti ndogo. Kipande cha unga kikaanguka kwenye karatasi, na mahali kilipotoka palibaki peupe, panapitisha mwanga.

"Hicho kilikuwa nini?" Noreen aliuliza.

"Sekunde kadhaa."

"Za bendi au za Avril?"

Terence alitoa taa mdomoni. "Sijui, mama. Siwezi kukudanganya."

Alisafisha vichwa, akaukaza mkanda kwa mkono, akamtazama Noreen. Hakumuuliza kwa maneno. Noreen alielewa kwamba bado angeweza kusema basi. Mkanda ungerudi kwenye boksi na Avril angebaki alivyokuwa, katika gauni la zambarau, mkono sikioni, mbele ya shahidi mmoja mwenye homa. Angeweza kuishi na hilo. Alikuwa ameshaishi nalo.

"Washa," alisema. "Washa, Terence."

Weusi. Kisha chengachenga. Kisha mstari mmoja mweupe uliokatiza skrini kama umeme, na nyuma yake, katikati ya wimbo, ukumbi umejaa vijana.

Royston alisimama, pai ikaanguka. Jukwaani kulikuwa na vijana wanne wa Salford ambao yeye alikuwa akiwatafuta kwa miaka, kundi lililotoa sahani mbili za santuri na kupotea. "Ni wao," alisema. "Terence, ni wao. Mtazame mpiga ngoma, mtazame." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Noreen hakutazama jukwaa. Kamera ilikuwa juu, inashuka polepole kuelekea watu, na vichwa vilikuwa vingi, vyote vimekatwa nywele mtindo mmoja. Picha ilitikisika. Mistari ilipita. Alitafuta uso, na hapo akagundua jambo la kutisha kuliko yote aliyoyaogopa: hakuujua tena uso wa dada yake ukiwa unatembea. Aliujua ule wa picha tu, uliosimama. Wasichana kumi mbele yake wangeweza kuwa Avril.

Kisha akauona ukosi.

Ulikuwa mweupe kuliko kitu kingine chochote pale. Ulichukua taa zote za ukumbi na kuzirudisha. Ulipanda na kushuka upande wa kushoto, karibu na nguzo, ukasogea mbele, na juu yake palikuwa na msichana mwenye meno makubwa ya mbele anayecheka, na Noreen akamjua kama mtu anavyoyajua maumivu ya mwili wake.

Avril alikuwepo. Peke yake, bila mtu wa makamo, bila mtu yeyote. Alikuwa anacheza vibaya.

Wimbo ukafika kwenye kiitikio, na wale wote walioko sakafuni, wasichana kwa wavulana, wakainua mkono wa kulia wakashika sikio.

"Ilikuwa staili ya mwaka ule," Royston alisema kwa furaha, bila kujua anasema nini. "Walikuwa wakishika sikio, halafu goti. Mimi mwenyewe nilikuwa bingwa."

Mikono yote ikashuka. Kisha, peke yake, mikono ya wengine ikiwa imeshafika magotini, mkono wa Avril ukapanda. Alishika sikio. Aliangalia moja kwa moja kwenye kamera, akacheka, na mara picha ikavurugika, ikarudi, ikaonyesha majina ya watengenezaji yakipanda juu ya vichwa vya watu, na baada ya hapo ikawa chengachenga tu. Terence aliiacha mashine iendelee mpaka ncha ya mkanda ikaachia gurudumu, ikawa inapigapiga hewa.

"Yupi?" aliuliza.

"Wa ukosi."

"Yule aliyechelewa?"

"Huyo."

"Alikuwa anakuashiria wewe, au alikosa mdundo?"

Noreen alifikiri kwa uaminifu. "Avril hakuwahi kushika mdundo hata kanisani," alisema.

Terence alimtengenezea nakala kwenye diski, akaifunga kwa kitambaa safi. Royston alimkumbatia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwachia harufu ya pai begani.

Noreen alirudi kwa njia anayopita siku zote, ile ya mzunguko wa Whitworth na Bacup. Ya nyikani hakuwahi kuipita tangu apate leseni. Alitarajia kujisikia mwepesi. Alikuwa na ushahidi kwenye mkoba. Avril hakudanganya, alikwenda alikosema anakwenda, akacheza hadi mwisho, akakosa basi la wenzake kwa sababu wenzake hawakujua kama yupo, na akaomba msaada wa gari kwa mtu wa kwanza anayeelekea kaskazini. Ndivyo ilivyokuwa, na haikuwa na aibu yoyote.

Alikuwa amefika taa za barabarani za Bacup alipoliona lililobaki, na lilimjia na uoga ambao ule wa asubuhi haukuufikia. Kama Avril hakudanganya, basi alikosa basi la kiwanda wakati wa kwenda. Na kama alilikosa, ni kwa sababu alikuwa amesimama jikoni, pasi mkononi, anapiga ukosi kwa mara ya pili.

Gari la nyuma lilipiga honi. Taa ilikuwa ya kijani.

Hakuwahi kuliwaza hivyo. Siku zote alidhani mama alimwita Avril mwongo kwa hasira, au kwa aibu mbele ya watu. Sasa aliona kwamba uongo wa Avril ndio kitu pekee kilichokuwa kimesimama kati ya mama yake na ile pasi, kwa karibu miaka hamsini, na yeye alikuwa amekibeba kwenye diski kwenda kukibomoa. Alisimamisha gari kando ya duka la samaki na chipsi. Alijaribu maneno kwa sauti. Ilikuwa bendi tu, Mama. Matarumbeta mwanzo hadi mwisho. Yalitoka vizuri. Akayarudia mpaka yakawa hayana kasoro.

Winifred Sagar alikuwa ameketi dirishani katika chumba chake, kiti cha magurudumu kimeelekezwa kwenye mvua.

"Umechelewa."

"Barabara ina maji, Mama."

"Barabara gani? Bado unazunguka Bacup kama mwizi wa kuku?"

Noreen alivua koti, akalitundika, akapanga vikombe, akamimina chai. Mama hakugeuka.

"Haya. Wale wazee wako wa mikanda, wamekipata walichokuwa wanakitafuta?"

"Hapana. Ilikuwa bendi tu, Mama. Matarumbeta mwanzo hadi mwisho."

"Bendi tu."

"Ndiyo."

Mvua ilipiga kioo. Nje kwenye ujia mtu alikuwa anasukuma toroli la biskuti, gurudumu moja likilia.

"Tangu utoto wako hujui kudanganya, Noreen," mama alisema. "Sauti inakuwa ya kuhani." Kisha maneno yalitoka yamekauka, kama mlango usiofunguliwa muda mrefu. "Avril naye hakujua."

Noreen aliweka kikombe chini. Jina lile hakuwa amelisikia kinywani mwa mama yake tangu akiwa na mashavu ya boga.

"Ulikuwa unajua," alisema.

Mama alikuwa anatazama mikono yake, ambayo ilikuwa imeshika magurudumu ya kiti ingawa kiti hakikuwa kinakwenda popote.

"Ukosi ulikaaje?"

"Mama, tuache hayo."

"Nimekuuliza ulikaaje."

"Ulikaa vizuri," Noreen alisema. "Umenyooka pande zote. Ndio niliomjua nao."

Winifred aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesomewa kitu alichokwisha kukijua.

"Hata pasi ya kwanza ilikuwa imeunyoosha," alisema.

Noreen alitaka kumshika mkono, lakini mama alikuwa tayari amegeuza kiti, anajisukuma mwenyewe kuelekea televisheni iliyoko kona ya chumba, mabega yamepanda hadi masikioni, kama mtu aliye kwenye gari linaloshuka mlima katika ukungu na si yeye aliyeshika usukani. Alisimama karibu sana na skrini nyeusi.

"Iweke," alisema.

"Una hakika, Mama?"

"Iweke. Na usiizime mpaka niseme."

Noreen alifungua kitambaa. Diski iligonga mdomo wa mashine ya kuchezea diski mara mbili kabla haijaingia. Kisha akapiga magoti kando ya kiti, na wote wawili wakaisubiri picha ije.